Milimita Mbili Kila Ijumaa

Usta Faramarz hakai. Namjua mwaka wa thelathini na moja sasa, na sijawahi kumwona akimaliza gilasi ya chai mahali alipoianzia. Atanyanyuka achungulie dirishani kama baiskeli yake bado ipo, atarudi, atavuta kiti, atalalamika kwamba mguu mmoja wa kiti ni mfupi, atainama aukunjie karatasi, kisha hatakikalia. Mkewe, Bi Mahlaqa, husema mumewe ana siafu kwenye suruali. Mimi husema siafu wenyewe walichoka, wakahama.

Kazi yake ni ushonaji, ndiyo maana tunamwita Usta, yaani fundi. Duka lake liko kwenye kichochoro nyuma ya bazari, hapa Isfahan, na nusu ya wanaume wa mtaa wetu walioa wakiwa ndani ya suti zake. Lakini mapenzi yake ni baiskeli. Kundi letu la Ijumaa lina watu saba au wanane, ikitegemea nani kagombana na mkewe, ila katika habari hii watatu tu ndio wa kuwajua. Yupo yeye. Yupo Varuzh, Muarmeni wa mtaa wa Julfa, fundi baiskeli, mwenye mikono mipana na maneno machache, ambaye ukimpa habari ya harusi au ya msiba atakujibu "haya" kwa sauti ileile. Na nipo mimi, Manuchehr, mwalimu wa jiografia niliyestaafu, mwenye domo.

Ukijiunga nasi, kabla hujaulizwa hata jina la baba yako, unapelekwa dukani kwa Usta ukapimwe. Anakusimamisha peku ukutani, anakubana kamusi nene ya Kifaransa katikati ya mapaja, anaipandisha mpaka igonge mfupa, halafu anapima kutoka mgongo wa kamusi hadi sakafuni. "Mfupa, si nyama," husema. "Nyama inadanganya." Hakuna hata mmoja wetu anayejua Kifaransa, lakini kamusi ile sote tumeshaikalia. Baada ya hapo unakaa juu ya kipande cha boksi kwenye stuli, unainua miguu, na ukinyanyuka anapapasa kwa kidole mashimo mawili yaliyoachwa na mifupa ya makalio yako. Umbali kati ya mashimo hayo ndio unaoamua upana wa tandiko lako. Yote anayaandika kwenye daftari lenye jalada la kitambaa, pamoja na kiuno, kwa sababu kaptula zetu za kuendeshea, zile zenye sifongo ya kukalia, anatushonea yeye.

Yeye mwenyewe hajipimi. Vipimo vyake viliwekwa alipokuwa na miaka ishirini na mitatu, mwaka aliposhika nafasi ya tatu katika mashindano ya mkoa, na tangu hapo havijaguswa. Baiskeli ni ileile, ya chuma, ya kijani kibichi, ya Kiitalia, yenye mirija myembamba kama vidole vya mpiga kinanda. Usukani wake ulikuwa chini ya tandiko kwa upana wa vidole vinne. Ukimwona kwa ubavu barabarani ungedhani anatafuta kitu alichokidondosha.

Miaka minane iliyopita shingo ilinisumbua, nikamwomba Varuzh anipandishie usukani wangu. Ijumaa iliyofuata Usta Faramarz akaja na kapu la ukindu, akalifunga mbele ya baiskeli yangu kwa utepe wa kupimia.

"Tupitie sokoni, Mama Manuchehr," akasema. "Nyumbani kotmiri imekwisha."

Kundi zima lilicheka mpaka mlima Lashotor. Nilimchukia kwa miezi miwili, sifichi. Kapu lenyewe ninalo mpaka leo, mke wangu anawekea vitunguu.

Nimeyasema haya ili mtu asije akaniuliza kwa nini hatukumwambia ukweli tangu mwanzo.

Vuli ya mwaka juzi Bi Mahlaqa alibisha hodi kwangu asubuhi, kitambaa cha kichwa kimekaa upande.

"Shemeji, nimekuja na siri. Ukiitoa nitakukana."

"Karibu ndani kwanza, ukae."

"Sikai. Nimeshaambukizwa na mwenzangu." Akasimama palepale mlangoni. "Vidole viwili vya mkono wake wa kushoto havisikii. Kidogo na kinachofuata. Juzi kajichoma sindano hadi mfupani, hajui. Kajua alipoona damu kwenye bitana ya koti la bwana harusi."

"Daktari je?"

"Nilimburuta. Daktari kasema mshipa wa fahamu unabanwa hapa kiganjani, kwa kuwa kifua chote anakilaza juu ya mikono. Ainue usukani au aiache baiskeli. La sivyo, kiangazi kikifika hatashika mkasi."

"Naye kasemaje?"

"Kamuuliza daktari kama amewahi kupanda Lashotor."

Nilitaka kucheka, na yeye alitaka kucheka, lakini macho yake yalikuwa yamejaa maji.

"Akikosa mkasi atakufa, shemeji. Akikosa baiskeli atakufa, na mimi nitakufa kabla yake, maana ndiye nitakayefungiwa naye ndani Ijumaa kutwa. Na usukani hataki kuinua. Wewe umesomesha watoto wa watu miaka yote hiyo, hebu nisomeshe na mimi. Nifanyeje?"

Nikaenda kwa Varuzh. Alikuwa ananyoosha rimu, anaizungusha na kuisikiliza. Nikamweleza yote. Akasema, "Haya." Rimu ikazunguka weee, mpaka nikataka kuishika isimame.

"Ukipandisha sentimita tatu kwa siku moja," akasema mwishowe, "ataona hata kabla hajapanda. Ukipandisha milimita mbili, hataona. Hata mgongo wake hautaona."

"Milimita mbili zitamsaidia nini?"

"Ijumaa ngapi mpaka Mwaka Mpya?"

Nikahesabu kwenye kalenda ya ukutani, maana mwaka wetu wa Kiirani huanza Machi, baridi ikiisha. Nilipotoa zile ambazo theluji ingetufungia nyumbani, zilibaki kumi na sita.

Baiskeli za zamani kama ya Usta zina neema moja. Usukani wake umeshikwa na chuma kilichopinda, tunakiita shingo, ambacho mguu wake umezama ndani ya fremu na kubanwa kwa skrubu moja tu. Unalegeza skrubu, unagonga kidogo kwa nyundo ya mbao iliyovishwa kitambaa, unavuta, unakaza. Kwa mtu kama Varuzh ni kazi ya dakika mbili. Nyaya za breki zingekuja kuvutika, kwa hiyo akamzawadia Usta nyaya mpya, ndefu kidogo kuliko za awali. Usta alizipokea akasema Waarmeni ni watu wakarimu lakini hawajui kukata waya.

Kazi yangu mimi ilikuwa kumweka Usta Faramarz chini kwa dakika mbili.

Nimefundisha darasa la wavulana hamsini siku ambayo timu ya taifa inacheza. Haikuwa ngumu hivyo. Kila Ijumaa tukishafika kwenye mkahawa wa Mash Qorban, chini ya mlima, tunaegesha baiskeli ukutani nje na kuingia kula dengu za moto na mkate wa sangaki. Viti vinavyotazama dirisha vilikuwa vya Usta tangu enzi. Ilibidi niwe wa kwanza kufika, nikae hapo mimi, nisingizie macho yangu yanataka mwanga, halafu nimchokoze kwa jambo zito kiasi cha kumsahaulisha dirisha.

"Usta," nikamwambia Ijumaa ya kwanza, "nasikia siku hizi watu wanavaa chupi ndani ya kaptula ya baiskeli."

Akaweka gilasi chini. Nyuma yake, kupitia kioo, nilimwona Varuzh akipiga magoti.

"Nani?"

"Watu."

"Watu gani? Nitajie jina!"

"Nimesikia tu. Wanasema ni usafi."

"Usafi!" Akageukia meza nzima. "Natafuta sifongo isiyo na mshono katikati, macho yananitoka kwa ajili ya ngozi za makalio yenu, halafu mtu anakwenda kutia ndani yake chupi yenye mishono minne! Ukinunua zulia la hariri, Mwalimu, unatandika gunia juu yake?"

"Inategemea zulia."

"Inategemea zulia! Mnamsikia?"

Varuzh akaingia, akapuliza mikono, akakaa. "Baridi," akasema.

Ijumaa ya pili nikadai kwamba tandiko pana la sifongo linafaa kuliko la ngozi. Ya tatu nikasema tairi nene lenye upepo mdogo linakimbia kuliko jembamba lililojazwa mpaka likalia kama ngoma, na hapo wenzetu wawili wakaniunga mkono, vita ikawaka, dengu zikapoa. Ya nne niliuliza kama mikono ya pedali ikirefushwa mtu mfupi hawi mrefu. Usta alinitazama kwa huzuni, akasema kustaafu kumenila ubongo.

Wenzangu walidhani ninatania. Hawakujua hali yangu. Kila Alhamisi nilikuwa nazunguka nyumbani natafuta ujinga mpya wa kusema, na ujinga nao unaisha. Siku moja, ya saba nadhani, Usta alinyanyuka ghafla katikati ya sentensi yangu akageukia dirisha, na Varuzh alikuwa amebana gurudumu la mbele kati ya magoti, nyundo mkononi. Sikufikiri. Nilimmwagia chai mapajani.

"Una wazimu?" akaruka.

"Mkono umeteleza."

"Mimi ndiye mwenye mkono mbovu, si wewe!" Ilikuwa mara ya kwanza kuutaja mkono wake mbele yetu. Kisha akaanza kujifuta kwa kasi, akisema sifongo ya kaptula hainywi chai, na kwamba hata ya kwangu mimi aliishona vizuri zaidi kuliko nilivyostahili.

Ijumaa ya kumi alikaa mezani, akanyoosha mkono wa kushoto mbele yetu, akachukua punje moja ya dengu kwa kidole kidogo na gumba, akaipeleka mdomoni polepole.

"Mmeona?"

"Umekula dengu," nikasema.

"Kidole kimerudi! Nimekisikia kitandani asubuhi, kinawasha. Niliwaficha, lakini sasa nasema. Daktari aliniambia nipandishe usukani kama huyu," akaninyooshea kidole kilekile kilichofufuka. "Nikakataa. Nikakaa nikafikiri. Mwezi uliopita nikainamisha pua ya tandiko nyuzi moja na nusu. Nyuzi moja na nusu tu! Uzito ukahama. Pembe ya tandiko, mabwana. Hayo ndiyo matibabu."

Varuzh akasema, "Haya."

Kuanzia hapo hatukupumua. Pembe ya tandiko asubuhi, pembe ya tandiko mlimani, pembe ya tandiko kwenye simu. Kundi zima liliinamisha matandiko, na wawili wakawa wanateleza kuelekea mbele njia nzima kama watoto kwenye bembea. Mimi nami niliinamisha, kwa kuwa ningekataa angeshuku, nikaumia sehemu ambazo sitazitaja. Lakini niseme ukweli: nilikuwa na furaha. Nilimwona akishika mkasi dukani, akikata kitambaa cha sufu kwa pumzi moja, ulimi umetokeza pembeni mwa mdomo, na nikatoka nje haraka kabla hajaniuliza nacheka nini.

Tulihesabu theluji. Tulihesabu Ijumaa, tukahesabu urefu wa nyaya. Tulichosahau ni usafi wa Mwaka Mpya, jambo ambalo kila mtoto hapa anajua. Majuma mawili kabla ya sikukuu hakuna kitu ndani ya nyumba kinachobaki mahali pake. Mazulia yanapigwa, mapazia yanashushwa, dari linafutwa. Na Bi Mahlaqa, yeye mwenyewe mwenye siri, akasimama kwenye roshani akamwambia mumewe, "Na hilo likweche lako ulioshe, linanichafulia ukuta." Baadaye aliniambia alitamani kung'ata ulimi ukatike. Alikwisha chelewa. Usta haoshi baiskeli kwa kumwagia maji. Anaifungua kipande kwa kipande na kukipaka kila kipande grisi.

Nilikuwa dukani kwa Varuzh nakunywa chai alipoingia. Hakuja na baiskeli, alikuja na usukani mtupu mkononi, na shingo yake ikining'inia. Akauweka mezani, juu ya karatasi yangu ya gazeti.

"Varuzh. Hii nini?"

"Shingo ya usukani."

"Na huu mstari?"

Kwenye mguu wa shingo palikuwa na mstari, mweusi, wa jasho na vumbi la miaka mingi, pale ambapo chuma kilikuwa kikigusana na fremu. Chini yake chuma kilikuwa safi, kinang'aa, kwa urefu wa vidole viwili, halafu ndipo ikaja alama mpya, hafifu.

"Nimefungua mapindo ya suruali miaka arobaini na mitano," Usta akasema. Sauti yake ilikuwa ya chini, na hilo lilinitisha kuliko makelele. "Suruali ya mtoto ukiishusha pindo, mstari wa zamani hautoki. Uupige pasi mpaka kesho, hautoki. Pindo langu lilikuwa hapa. Sasa liko hapa. Nani amelifungua?"

"Mimi," Varuzh akasema.

"Mara ngapi?"

"Kumi na nne."

Akageuka kunitazama. Nadhani aliziona zote kwa mpigo: chupi, matairi, chai ya mapajani.

"Kwa hiyo si pembe ya tandiko," akasema.

Laiti angenipiga. Alilisema kama mtu aliyeambiwa nyumba aliyokuwa anajenga imo kwenye kiwanja cha jirani.

"Usta, vidole vyako vinafanya kazi. Hilo ndilo..."

"Miezi miwili nimehutubia watu! Miezi miwili! Na nyinyi mmekaa, mmetia sukari kwenye chai, mmenisikiliza! Mmenifanya mtoto mdogo!"

"Tungekuambia ungekubali?"

"Hilo lilikuwa langu kukubali au kukataa!"

"Ungekataa! Ungeacha vidole vikauke kuliko watu waone usukani umepanda!" Nami nilikuwa nimepandwa na mori, kusema kweli, mori wa miaka minane. "Ulitaka tufanyeje? Tukuletee kapu?"

Varuzh akatazama sakafu. Usta Faramarz akachukua usukani wake, akaenda nao nyumbani, na Bi Mahlaqa alinisimulia kwamba aliurudisha kwenye fremu mpaka mstari wa zamani ukazama, vidole vinne chini ya tandiko, akakaza skrubu mpaka chuma kikalia.

Ijumaa ile hakuja. Tulipanda Lashotor bila yeye. Kwa Mash Qorban kiti cha dirishani kilikuwa wazi na hakuna aliyekikalia, nami sikuweza kutulia, nikanyanyuka mara tano kutazama baiskeli zisizotaka kutazamwa. Varuzh akaniambia, "Kaa." Sikukaa.

Jumatatu Bi Mahlaqa akanipigia simu.

"Jana alitoka peke yake, na usukani uko chini. Aliporudi alishindwa kufunga vifungo vya shati, akadhani sioni. Shemeji, leo yuko dukani, nimempelekea chakula. Amekaa. Toka asubuhi amekaa chini tu. Hajanyanyuka."

Nilivaa koti nikiwa tayari njiani.

Kweli alikuwa amekaa, kwenye stuli ile ya kupimia makalio, mikono mapajani. Suti za sikukuu za watu zilikuwa zimetundikwa nusu-nusu, zingine bila mkono mmoja. Hakunisalimia.

"Suruali yangu ya Mwaka Mpya," nikasema. "Nipime."

"Vipimo vyako ninavyo."

"Nipime hata hivyo. Nimekula sana kipindi cha baridi."

Akanyanyuka kwa shida, akachukua utepe shingoni. Akanizungushia kiunoni, akaachia palepale. Hakuwa hata ameutazama.

"Themanini na sita," akasema. "Kama kawaida."

"Soma utepe, Usta."

"Nimesoma."

"Hujasoma." Nikaushika utepe kabla hajauvuta, nikauzungusha upya mwenyewe, nikamwinulia tarakimu mbele ya macho. "Hii ngapi?"

Akatazama pembeni.

"Tisini na saba," nikasema. "Miaka kumi na moja iliyopita nilikwenda Shiraz kwenye harusi ya mpwa wangu, begi likapotea. Nikaingia dukani, nikamwambia muuzaji, nipe ya themanini na sita. Suruali ilikwama mapajani. Nikamgombeza yule kijana mbele ya watu. Nikamwambia viwanda vya siku hizi havijui kupima, kwetu Isfahan nina fundi, ameniandika themanini na sita tangu nilipooa. Akaniletea ya tisini na nne. Ikanitosha bila mkanda."

Usta alikuwa akiukunja utepe, akiukunjua.

"Ulijua," akasema.

"Miaka kumi na moja."

"Na hukusema?"

"Niseme nini? Kila mara nilikuwa natoka humu nikitembea kama mtu wa themanini na sita."

Akaenda mezani. Akafungua lile daftari la jalada la kitambaa, akatafuta ukurasa wangu, akanigeuzia. Juu, kwa wino, iliandikwa themanini na sita. Chini yake, kwa penseli, kwa maandishi madogo ya mtu anayeficha, zilipangana namba nyingine, themanini na nane, tisini, tisini na moja, mwaka hadi mwaka, kila moja na tarehe yake. Nikafungua ukurasa wa jirani, na wa jirani yake. Wote walikuwa hivyo hivyo, wino juu na penseli chini.

"Wote?" nikamwuliza.

"Wote isipokuwa Varuzh. Yeye hajali."

Nilicheka. Yeye hakucheka. Alifunga daftari, akaweka mkono wa kushoto juu ya jalada, akawa anautazama mkono huo, vile vidole viwili vya mwisho vikiwa vimejikunja vyenyewe.

"Suruali njoo Alhamisi," akasema.

Ijumaa ya mwisho ya mwaka tulimkuta yumo njiani mbele yetu, peke yake, ameinama juu ya ile baiskeli ya kijani. Usukani ulikuwa chini, vidole vinne, kama wa kijana wa miaka ishirini na mitatu. Kila baada ya muda mfupi aliutoa mkono wa kushoto akaukung'uta hewani. Hakuna aliyemsemesha. Tukamfuata hivyo mpaka kwa Mash Qorban.

Aliingia wa kwanza. Nikaona anaelekea kwenye viti vyake vya zamani, vinavyotazama dirisha, na nikasema basi, yamekwisha. Akasimama pale. Akashika kiti, akakiinua, akazunguka nacho meza, akakiweka upande wa pili, mgongo kwenye kioo. Akakaa.

"Varuzh," akasema, "tairi zangu naona kama zimelegea. Hebu kaziangalie."

Varuzh alikuwa ameshika mkate. Akauweka chini, akajifuta mikono, akatoka.

"Haya, Mwalimu," Usta akanigeukia. "Wiki mbili sijasikia upuuzi wako. Una lipi?"

Nikasema kitu cha kwanza kilichonijia, kwamba nimesikia cheni isiyotiwa mafuta ndiyo inayodumu. Akapokea palepale. Akapiga meza, akamwita Mash Qorban awe shahidi, akaeleza habari ya cheni tangu inapotoka kiwandani, na muda wote huo, nje, nyundo ya mbao ilisikika ikigonga mara tatu, nne. Safari hii haikuvishwa kitambaa. Kila mtu pale ndani aliisikia. Usta akapandisha sauti kidogo, hakugeuka.

Alimaliza chai yake palepale alipoianzia.

Varuzh akarudi, akakaa, akachukua mkate wake.

"Zilikuwa zimelegea?" Usta akauliza.

"Kidogo."

"Kiasi gani?"

"Vidole viwili."

Usta akatikisa kichwa taratibu, kama fundi anayekubali kazi ya fundi mwenzake. Kisha akanitazama tumbo, suruali yangu mpya ikiwa imenikaa vizuri kuliko nilivyostahili.

"Na wewe, Mwalimu? Kiuno?"

"Themanini na sita," nikasema.

"Kama kawaida," akasema, akasukuma bakuli la dengu upande wangu.